Kisu Kisichoshika Makali: Matiko, Moto na Springi ya Lori

"Mwanangu, nimekinoa alfajiri, kufika saa nne kimeshakuwa kijiko."

Maneno hayo niliambiwa na mama mmoja anayeuza samaki, mbuta, katika soko la Kibuye, akiwa ameshika kisu chenye mpini uliopakwa vanishi na ubavu unaong'aa. Alitaka nikinoe vizuri zaidi. Nikamwambia, "Mama, hata nikikinoa mpaka jua litue, kesho utarudi nacho hapa hapa." Nilichukua tupa nikaipitisha kwenye makali mara moja tu. Ikakwangua unga wa chuma kwa wepesi, kama inayokwangua msumari. Kisu kile hakikuwa na tatizo la kunolewa. Hakikuwa kimetiwa matiko, yaani kukazwa kwa moto, na kama nilivyogundua siku hiyo hiyo jioni, kisingeweza kutiwa.

Natengeneza visu nyuma ya nyumba, hapa Kisumu, chini ya mabati mawili. Kila anayekuja kuuliza namna ya kuanza huuliza kwanza habari ya umbo, mpini na mng'aro. Mambo hayo yana nafasi yake. Lakini kinachofanya kisu kiwe kisu hakionekani kwa macho, na ndicho kinachowachanganya watu wengi, wakiwemo mafundi hodari wa kuchomelea mageti.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Tukisema kisu "hakina makali" huwa tumefunga mambo matatu katika furushi moja. La kwanza ni makali yenyewe, yaani wembamba wa pale pande mbili za bapa zinapokutana. Hayo ni umbo tu. Kipande cha bati ukikinoa kwa uangalifu kitakata karatasi, kwa dakika moja. La pili ni ugumu, yaani chuma kukataa kulala au kukwanguka kinapogusana na ubao, mfupa au sahani. La tatu ni ustahimilivu, yaani kukubali kupigwa na kupindwa kidogo bila kumeguka. Kioo kina ugumu mwingi na ustahimilivu hakina. Bati lina ustahimilivu na ugumu halina. Kisu kizuri kinakaa katikati ya hao wawili, na kinoo hakina uwezo wa kukifikisha hapo. Kinoo kinatoa umbo. Hayo mengine mawili hutoka motoni.

Wahunzi wa Kiswahili walikuwa na jina la kazi hiyo: kutia matiko. Ni neno ambalo nasikitika kuliona likisahaulika, maana vijana wengi wa karakana hulitafutia jina la Kizungu ilhali letu lipo.

Tuanze na chuma chenyewe. Chuma kitupu hakiwezi kuwa kigumu hata ukifanyie nini. Kinachokipa uwezo huo ni kaboni, na kiasi chake ni kidogo mno. Chuma laini cha kutengenezea madirisha na mageti kwa kawaida kina kaboni chini ya asilimia 0.3. Feleji, yaani chuma kinachokubali kukazwa kiwe kisu, inahitaji kama asilimia 0.5 hadi 1 na zaidi kidogo. Tofauti ya nusu asilimia, na moja inakuwa grili ya dirisha, nyingine inakata nyanya mbivu bila kuibonyeza. Kisu cha yule mama kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye bapa la grili. Nilikipasha moto, nikakizamisha kwenye mafuta, nikakijaribu tena kwa tupa, na tupa ikakwangua vilevile. Moto unaamsha kilichomo ndani ya chuma. Kama kaboni haimo, hakuna cha kuamshwa.

Ndiyo maana kuchagua malighafi kunahitaji macho mawili wazi. Springi bapa za lori na pikapu ni hazina kwetu wa magharibi mwa Kenya, kwa sababu barabara zinazivunja kila siku na wauza vyuma chakavu wanazo tele. Nyingi zina kaboni karibu asilimia 0.6 pamoja na kromiamu kidogo, mchanganyiko unaomsamehe mtu anayejifunza. Tupa kuukuu zina kaboni zaidi, asilimia 1 au hata kupita, na hutoa kisu kikali sana kinachodai mkono wa uangalifu. Panga kuukuu la zamani linafaa kwa kisu cha jikoni kwa sababu tayari ni jembamba, huhitaji kulifua mpaka mkono ufe ganzi. Nondo ya ujenzi sikushauri: moja inaweza kukubali kukazwa na ya pili yake ikakataa. Na stenlesi iache. Inataka joto la kupita nyuzi 1,000 linalodhibitiwa kwa muda maalumu, na jiko la makaa haliwezi kukupa hilo.

Mahali pa kuanzia ni grinda. Gusisha kipande cha chuma kwenye jiwe linalozunguka na utazame cheche ukiwa kivulini. Chuma laini hutoa mistari mirefu isiyo na matawi mengi. Chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka mwishoni na kuchanua kama nyota. Weka msumari upande mmoja na tupa kuukuu upande wa pili, utaona tofauti mwenyewe, kisha chuma usichokijua ukilinganishe na hivyo viwili. Hata hivyo mimi siamini cheche peke yake. Hukata kipande cha upana wa kidole, nakipasha, nakizamisha, nakibana kwenye jiliwa nikiwa nimevaa miwani, nakipiga nyundo. Kikivunjika kama kigae, nina feleji. Kikipinda, nimejiokoa na kazi ya siku tatu.

Hapa ndipo wengi huuliza: kama springi ni feleji nzuri, kwa nini nisiikate tu kwa grinda kwa umbo la kisu, nikainoa, basi? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba springi ilitiwa matiko kiwandani kwa kazi ya springi. Ilikazwa, kisha ikapashwa tena kwenye joto kubwa, nyuzi 400 na zaidi, ili ipinde mara elfu nyingi bila kukatika. Imepewa ustahimilivu mwingi na kunyang'anywa sehemu ya ugumu. Ukiikata vile ilivyo utapata kisu kisichovunjika kamwe, ambacho makali yake yanalala mapema. Inafaa panga la kufyekea. Kwa kisu cha jikoni inabidi ufute kazi ya kiwanda na uanze upya.

Kufuta ni rahisi. Pasha chuma mpaka kiive wekundu, kisha kifukie ndani ya majivu makavu mpaka asubuhi. Kikipoa polepole hivyo kinakuwa laini, tupa na msumeno vinakila bila ugomvi. Hapo ndipo unapochora umbo, unatoboa matundu ya mpini na kupunguza mbavu. Ukingo utakaokuwa makali usiumalize. Acha unene wa kama milimita moja, kwa sababu ukingo mwembamba sana hujikunja au kupasuka unapozamishwa.

Sasa tunafika kwenye tendo lenyewe. Nitakaa hapa kidogo.

Ndani ya chuma, chembe za madini zimejipanga kwa safu. Kikiwa baridi, mpangilio huo hauna nafasi ya kaboni, kwa hiyo kaboni inajibanza pembeni kwenye vijitabaka vyake. Feleji ikipita nyuzi 727 za selsiasi, safu zinaanza kujipanga upya kwa namna inayoruhusu kaboni iingie katikati na kuenea kote. Fikiria matatu iliyoegeshwa stejini Kondele, milango wazi, abiria wamejaa mpaka mlangoni. Ukikipoza chuma taratibu, kila abiria anashuka kwa utulivu na gari linarudi umbo lake. Ukikipoza ghafla, mlango unafungwa kabla mtu hajashuka. Kaboni inanaswa ndani, safu zinajaribu kurudi mahali pake na kushindwa, chuma chote kinakaa kikiwa kimebanwa. Mbano huo ndio ugumu. Hali hiyo inaitwa martensaiti, kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens aliyechunguza vyuma kwa hadubini katika karne ya 19.

Swali linalofuata ni utajuaje kwamba joto limefika, bila kipimo cha maelfu ya shilingi. Sumaku ni msaada wa kwanza. Mimi natumia ya spika ya redio iliyokufa, nimeifunga kwenye waya mgumu. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 kinaacha kuvutwa na sumaku. Watu wengi huambiwa wakizamishe hapo hapo. Kwa springi hiyo ni mapema, kwa kuwa inapenda kati ya 815 na 845 hivi. Msaada wa pili uko jikoni: chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Nikishapita sumaku, natupia punje chache kwenye ubavu wa kisu. Zikiendelea kukaa kama mchanga, bado. Zikigeuka umajimaji unaometameta, najua nimepita 800. Naongeza kidogo, nahakikisha rangi ni moja kutoka kwenye shina mpaka kwenye ncha, na kisu kiko tayari.

Rangi nayo ina masharti. Kisu changu cha kwanza kabisa nilikipasha saa saba mchana, katika jua la Kisumu. Wekundu haukuonekana vizuri, kwa hiyo nikaendelea kupuliza. Nilidhani nimefikia wekundu wa nyanya, kumbe nimevuka hata rangi ya papai lililoiva. Tupa iliteleza juu yake kama juu ya kioo na nikafurahi sana. Kesho yake kilianguka kwenye saruji kutoka kimo cha kiuno, kikakatika vipande viwili. Niliokota kipande nikakitazama pale palipovunjika: kilikuwa na punje kubwa zinazometa, mfano wa sukari iliyomwagika. Hiyo ndiyo dalili ya chuma kilichopashwa kupita kiasi. Joto likizidi, punje za ndani zinakua, na mipaka kati ya punje kubwa ndiyo njia ya ufa. Chuma kilichotendewa haki kikivunjwa huonyesha kijivu laini, kama majivu yaliyochekechwa. Bado ninacho kipande kile, nimekiweka kwenye rafu juu ya jiko, na kila mwanafunzi namshikisha kabla hajawasha moto.

Tangu siku hiyo hupasha feleji jua likishazama. Wahunzi hufanya kazi penye kivuli kwa sababu hiyo. Wasamia wa upande wa Busia, waliosifika kwa uhunzi wa chuma na ambao majembe yao yalibadilishwa kwa bidhaa nyingine mpaka mbali na vilima vyao, hawakuwa na kipimajoto. Walikuwa na jicho, na jicho linahitaji giza kidogo.

Punje zilizokua zinaweza kurudishwa. Pasha mpaka sumaku iachie, toa, acha kipoe hewani mpaka wekundu wote upotee. Rudia mara tatu, kila mara ukipunguza joto kidogo. Kila mzunguko unazaa punje mpya zilizo ndogo kuliko za kwanza. Mimi hufanya hivi kwa kila kisu kabla ya kukizamisha, hata kama nina hakika sikukosea.

Kuzamisha ni kwenye mafuta, si maji. Kwa springi naomba unisikilize: ukiizamisha kwenye maji, kuna uwezekano mkubwa wa kusikia mlio mdogo, "ting", na kazi yako imekwisha. Maji yanapoza kwa kasi kuliko chuma hicho kinavyoweza kuvumilia. Mafuta ya kupikia yanatosha. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: mafuta yaliyopashwa mpaka nyuzi 50 au 60 yanapoza kisu haraka kuliko mafuta baridi. Mafuta baridi ni mazito, yanakwama kuzunguka chuma. Ya moto ni mepesi, yanazunguka na kubeba joto. Mafuta machafu ya injini usiyatumie ingawa yanapatikana bure. Yamebeba mabaki ya metali, na moshi wake unaingia kwenye mapafu yako na ya watoto wanaochungulia.

Ingiza kisu kwa ncha, wima, bila kusitasita. Kiendeshe juu na chini, au mbele na nyuma kwa mwelekeo wa makali. Ukikipeperusha kwa ubavu, upande mmoja utapoa kabla ya mwingine na kisu kitatoka kimepinda kama ndizi. Mafuta yanaweza kuwaka juu, basi chombo kiwe cha chuma, kirefu, chenye kifuniko karibu, na kiwe mbali na ukuta wa mbao. Maji usiyamwage kamwe juu ya mafuta yanayowaka.

Kikishapoa, jaribu tupa mara mbili tatu. Mara ya kwanza inaweza kukwangua ngozi nyembamba iliyoungua nje. Chini yake inapaswa kuteleza na kutoa mlio mwembamba.

Wengi huishia hapo, na ndiyo sababu mtaani kuna visu vinavyomeguka. Chuma kilichotoka kwenye mafuta kiko karibu na kioo kuliko kisu. Ule mbano niliousema ni mkubwa mno, na kikiachwa hivyo usiku kucha kinaweza kupasuka chenyewe mezani. Ndani ya saa moja kinatakiwa kurudi kwenye joto, safari hii dogo: nyuzi 200 hivi kwa kisu cha jikoni, saa nzima, kiachwe kipoe, kirudiwe saa nyingine. Kwa maneno ya matatu yetu, tunafungua dirisha. Abiria wachache wanashuka, mbano unalegea, ugumu unapungua kidogo na ustahimilivu unapanda sana.

Oveni ya gesi inafanya kazi hiyo, ila weka kipimajoto chako ndani kwa sababu namba za kitufe zinadanganya. Kama huna oveni, chukua sufuria nzito, ijaze mchanga mkavu kama wa kukaangia karanga, iweke juu ya jiko la moto wa wastani. Sugua ubavu wa kisu kwa msasa mpaka ung'ae, kisha uulaze kwenye mchanga na utazame rangi. Kwanza utaona manjano hafifu ya nyasi kavu, karibu nyuzi 205. Manjano iliyokolea ni kama 230. Kahawia ni 255, zambarau 275 au zaidi kidogo, na bluu inaanza kukaribia 300. Kisu cha nyama na mboga nakitoa kwenye manjano. Panga nalisubiri mpaka zambarau au bluu, kwa sababu litagonga visiki.

Rangi hizo ndizo zinazoeleza pia balaa la grinda. Umeona wanoaji wanaopita mitaani na baiskeli yenye jiwe la kuzunguka, cheche zikiruka. Wengine ni mafundi wazuri sana. Lakini ukiona ukingo wa kisu chako umegeuka bluu baada ya kunolewa, ujue pale pamefika karibu nyuzi 300 na matiko ya pale yameondoka. Kisu chote kinaweza kuwa kizuri, na mstari wa nusu milimita unaokata ukawa ndio ulioharibika. Nikitumia grinda baada ya matiko, nashika kisu kwa vidole vitupu na pembeni nina ndoo ya maji. Vidole vikiungua, kisu kinaingia majini.

Mpini sitausemea sana. Mpera ni mgumu, haupasuki ovyo, na hapatakosa jirani anayepogoa. Mvule nao ni mzuri, ila vumbi lake linawasha macho na pua, kwa hiyo vaa barakoa. Gundi ya epoksi na pini mbili za shaba, ukaushe siku nzima. Mbavu zipunguze mpaka nyuma ya makali pawe pembamba, nusu milimita au chini yake, ndipo unoe kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kisu kigumu chenye mbavu nene kitapasua karoti badala ya kuikata, na mwenye nacho atarudi kukwambia hakina makali.

Yule mama nilimtengenezea kisu kingine kutoka kwenye panga kuukuu, nikakitoa mchangani kwenye manjano hafifu. Baada ya wiki mbili alikileta: makali mazuri, lakini karibu na mpini palikuwa na vijimeno vitatu vilivyomeguka. Nilimwuliza anakitumiaje. "Hapo ndipo napasulia kichwa cha mbuta, mwanangu." Nilikuwa nimemtengenezea kisu cha kuchuna minofu, naye ana kisu kimoja cha kazi zote. Nikatoboa pini, nikabandua mbao, nikakirudisha mchangani mpaka manjano ikakolea, nikanoa upya kwa pembe pana kidogo, nikafunga mpini mwingine wa mpera. Hakijameguka tena. Makali hulala kidogo ifikapo Jumamosi jioni, naye huyainua kwenye kinoo kabla ya wateja wa Jumapili kuanza kumiminika.